Je, ushahidi wa shahidi unaweza kukataliwa kwa sababu ukamataji ulikuwa kinyume cha sheria?

Swali (kutoka Shinyanga)

Habari za wakati huu ndugu zangu. Naomba msaada wa kisheria katika jambo linalotunyima usingizi nyumbani. Sitataja majina wala kituo kwa kuwa shauri bado liko mahakamani.

Mdogo wangu, ambaye ni dereva wa bodaboda, alikamatwa usiku wa Alhamisi katika chumba alichopanga. Walikuja watu wanne wasiovaa sare, hawakuonyesha hati yoyote, na alipouliza kosa lake aliambiwa kwamba atalijua mbele ya safari. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni na taa mkononi, akaona yote. Tulizunguka vituo vitatu hadi Jumamosi jioni ndipo tukaambiwa kwamba yupo. Alifikishwa mahakamani Jumatano iliyofuata na kusomewa shtaka la unyang'anyi wa kutumia silaha.

Katika siku hizo alipigwa sana kwenye nyayo, na katika kipigo hicho akamtaja fundi simu mmoja wa stendi, akisema kwamba yeye alimpelekea fundi huyo simu ili amtafutie mnunuzi. Kesho yake fundi naye akakamatwa, akawekwa ndani siku tatu bila kushtakiwa, akaandikishwa maelezo, kisha akaachiwa. Sasa tumeelezwa kwamba fundi huyo atakuwa shahidi wa tatu wa upande wa mashtaka.

Binamu yetu anayeishi Minnesota anatuambia kwamba kule mti ukiwa na sumu matunda yake nayo hutupwa, yaani ukamataji ukiwa haramu kila kilichotokana nao hakipokelewi, hata kauli ya shahidi. Je, kwetu Tanzania ni hivyo? Mahakama inaweza kukataa kumsikiliza fundi kwa sababu mdogo wangu alikamatwa isivyo halali, au kwa sababu fundi mwenyewe alikamatwa isivyo halali? Au hayo ni mambo mawili tofauti?

Jibu la 1 (wakili wa kujitegemea, Mwanza)

Dada yangu, pole sana kwa yaliyoipata familia. Swali lako la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na kwa kweli ni mambo mawili tofauti, ingawa kwenye kesi nyingi mawakili huyachanganya na kuyapoteza yote mawili.

Kwanza tuweke sawa lipi hasa lilikuwa kinyume cha sheria. Kukosekana kwa hati ya kukamata peke yake hakutoshi. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinamruhusu askari kumkamata mtu bila hati katika mazingira kadhaa, likiwemo la kumshuku kwa sababu za msingi kwamba ametenda kosa. Ukisimama mahakamani na hoja ya hati peke yake, utajibiwa kwa sentensi moja na kuketi. Penye nguvu ni kwingine. Kifungu cha 23 kinadai mkamatwaji aelezwe sababu ya kukamatwa kwake, labda kama mazingira yenyewe yanaionyesha wazi. Kifungu cha 32 kinaweka kipimo cha saa 24 za kumfikisha mtu mahakamani kwa makosa yasiyo ya adhabu ya kifo, na mdogo wako alikaa takribani siku sita. Vifungu vya 50 na 51 vinampa mpelelezi saa 4 za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, ambazo zinaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu kwa muda usiozidi saa 8. Na kipigo, kikithibitika, kinagusa Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba, inayokataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Namba hizi ni za Toleo la Urekebu la 2022. Anayetumia toleo jipya zaidi alinganishe, kwa kuwa vifungu vinaweza kuwa vimepangwa upya.

Sasa swali la ushahidi. Tunacho kifungu chetu wenyewe, hatuna haja ya kukiazima Marekani. Kifungu cha 169 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba pingamizi likitolewa kuwa ushahidi umepatikana kwa kukiuka sheria, au kutokana na ukiukaji wa sheria, kuhusiana na mtu, mahakama kwa hiari yake haitaupokea isipokuwa iridhike kwamba kuupokea kutayanufaisha maslahi ya umma kwa namna mahususi na kubwa, bila kuumiza isivyostahili haki na uhuru wa mtu yeyote. Mzigo wa kuishawishi mahakama uko kwa yule anayetaka ushahidi upokelewe, yaani Jamhuri (upande wa mashtaka). Mahakama inaangalia uzito wa kosa linaloshtakiwa, uharaka na ugumu wa kumpata mhalifu, uzito wa ukiukaji wenyewe, na kama ushahidi huo ungeweza kupatikana kwa njia halali.

Maneno mawili hapo ninaomba uyasome tena. La kwanza ni "kutokana na ukiukaji". Maana yake kifungu hakikuishia kwenye kile kilichochukuliwa papo hapo; kinagusa pia kilichozaliwa baadaye. La pili ni "mtu". Sheria haikusema mshtakiwa, imesema mtu. Kwa maoni yangu, hilo linaacha mlango wazi kwa mshtakiwa kulalamikia ukiukaji aliofanyiwa mtu mwingine, kama fundi wenu, ingawa nakiri kwamba ni mlango ambao wakili atalazimika kuusukuma kwa bega.

Lakini usije ukadhani kifungu hiki ni wembe unaokata kila kitu. Mahakama ya Rufani katika Nyerere Nyague dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 67 ya 2010, ilisema wazi kwamba si kila ukiukaji wa Sheria ya Mwenendo unaouondoa ushahidi moja kwa moja. Kabla ya hapo, katika Janta Joseph Komba na wenzake watatu, Rufaa ya Jinai Na. 95 ya 2006, maelezo ya onyo (yale ambayo polisi humwandikisha mtuhumiwa baada ya kumwonya kwamba halazimiki kusema lolote) yaliyochukuliwa nje ya muda wa kifungu cha 50 yalikataliwa. Ukizisoma pamoja utaona kwamba maelezo ya onyo ya mdogo wako yapo hatarini kukataliwa, na hilo ni la kupigania kwa nguvu zote. Kauli ya fundi akiwa kizimbani, akiapa na kuulizwa maswali ya dodoso (yale ya upande wa pili ya kumpima), ni kitu cha aina nyingine.

Tofauti yake ni hii. Bunduki au simu iliyopatikana katika upekuzi haramu haina hiari. Iko pale ilipowekwa. Maelezo ya onyo yametoka kinywani mwa mtu aliyekuwa chini ya mikono ya waliovunja sheria. Shahidi anayekuja mahakamani anazungumza mbele ya hakimu, siku nyingi baadaye, na alichokiona alikiona kabla askari hawajamkamata mtu yeyote. Ndiyo maana mahakama husita sana kumfunga mdomo shahidi kwa kosa la askari, na badala yake huuchukua ukiukaji ule kama sababu ya kupima kama anaaminika. Isitoshe, kifungu cha 31 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kinaruhusu sehemu ya taarifa ya mtuhumiwa aliye mikononi mwa polisi ipokelewe pale inapohusiana waziwazi na jambo lililogunduliwa kutokana na taarifa hiyo, na upande wa mashtaka utakikimbilia.

Jibu la 2 (wakili, Mombasa)

Nimesoma maelezo ya wakili msomi wa Mwanza, nami ningependa kuongeza upande wetu wa Kenya, kwa kuwa shina la mjadala huu katika Afrika Mashariki lilipandwa kwetu, tena katika wakati wa majonzi.

Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, mtu aitwaye Kuruma mwana wa Kaniu alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na baiskeli, akapekuliwa na askari wa vyeo vya chini ambao kanuni za wakati ule hazikuwaruhusu kumpekua. Mamlaka hayo yalianzia cheo cha mkaguzi msaidizi. Ilidaiwa kwamba mfukoni mwake zilipatikana risasi mbili na kisu cha kukunja. Kisu hakikuletwa mahakamani, na watu wengine waliokuwapo wakati wa upekuzi hawakuitwa kutoa ushahidi. Kwa risasi hizo mbili alihukumiwa kifo. Rufaa ilifika hadi Baraza la Faragha kule London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, na uamuzi uliochapishwa 1955 ukasema kwamba kinachoangaliwa ni kama ushahidi unahusiana na jambo linalobishaniwa. Ukihusiana, mahakama haijishughulishi na namna ulivyopatikana. Kweli, ulibakizwa mwanya kwamba hakimu anaweza kuukataa ikiwa kuupokea kutamwonea mshtakiwa, lakini mwanya ule ulikuwa mwembamba, na Kuruma haukumfaa. Wanasheria wa nchi zetu waliishi chini ya kanuni hiyo kwa miaka mingi, na mimi kila ninapoisoma hukiwaza kile kisu ambacho hakuna aliyekileta.

Katiba yetu ya 2010 imeigeuza hali hiyo. Ibara ya 50(4) inasema kwamba ushahidi uliopatikana kwa namna inayokiuka haki yoyote iliyomo katika Sheria ya Haki (sura ya Katiba yenye haki za msingi) utaondolewa ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki, au kutadhuru utoaji wa haki kwa namna nyingine. Angalieni kwamba hata hapo ukiukaji peke yake hautoshi. Ni lazima uonyeshe unaigusa vipi haki ya kesi yenyewe.

Jambo jingine ambalo huwapoteza wengi ni kudhani kwamba ukamataji au kizuizi haramu kinaiua kesi nzima. Kuna kipindi mahakama zetu zilielekea huko. Mwaka 2006, katika Albanus Mwasia Mutua dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilimwachilia mtu aliyewekwa korokoroni miezi 8 kabla ya kufikishwa kortini, bila maelezo yoyote ya kuridhisha. Kesi nyingi zikafuata njia hiyo, nyingine kwa kuchelewa siku chache tu. Kisha mwaka 2010, katika Julius Kamau Mbugua dhidi ya Jamhuri, mahakama hiyohiyo ikasema kwamba dawa ya kizuizi haramu ni fidia, na kwamba haki ya kufikishwa mapema kortini haihusiani moja kwa moja na kesi inayofuata. Mimi nina huzuni na uamuzi huo, kwa sababu maskini aliyewekwa ndani miezi mitano hana nauli ya kwenda kudai fidia. Lakini ndiyo sheria tuliyonayo, na dada asijengewe matumaini kwamba zile siku sita zitaifuta kesi.

Jibu la 3 (mwalimu wa sheria, Dar es Salaam)

Naomba nizungumzie hoja ya binamu wa Minnesota, maana wanafunzi wangu nao huja nayo darasani kila mwaka wakiwa wameipata kwenye filamu.

Ni kweli kwamba Marekani wana kanuni ya matunda ya mti wenye sumu, na kesi ya Wong Sun ya 1963 ndiyo inayotajwa sana. Lakini swali la dada linahusu shahidi, na juu ya shahidi Mahakama yao ya Juu ilikwishatoa jibu mwaka 1978 katika kesi ya Ceccolini, ambayo ninaipenda kwa sababu ya udogo wa tukio lenyewe. Askari mmoja alikuwa katika mapumziko ndani ya duka la maua jimboni New York, akizungumza na muuzaji aliyekuwa rafiki yake. Akaiona bahasha nyuma ya kaunta, juu ya droo ya mashine ya fedha, noti zikichungulia. Akaifungua bila ruhusa, akakuta fedha pamoja na vikaratasi vya kamari haramu. Akamuuliza yule muuzaji bahasha ni ya nani, naye akajibu bila kujua kilichomo wala kwamba askari amekwishaifungua. Miezi 4 baadaye mpelelezi wa serikali kuu alimtembelea yule muuzaji nyumbani kwao, akakubali kueleza kwa hiari, na hatimaye akatoa ushahidi dhidi ya mwenye duka, aliyeshtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo.

Kufungua bahasha kulikuwa haramu, hilo halikubishaniwa. Hata hivyo mahakama ilikubali ushahidi wa muuzaji. Ilisema kwamba shahidi aliye hai si sawa na kitu. Anaweza kujitokeza mwenyewe hata kama askari wasingemkuta, na kumnyamazisha milele ni gharama kubwa kwa haki. Kwa hiyo mahakama huangalia alizungumza kwa hiari kiasi gani, muda gani ulipita, kama vikaratasi vile vilitumika kumhoji, na kama askari alivunja sheria kwa makusudi ya kumpata shahidi.

Miaka 2 baadaye, katika kesi ya Crews, kijana alikuwa amekamatwa kinyume cha sheria, akapigwa picha, na picha hiyo ikaonyeshwa kwa mama aliyeporwa kwenye choo cha wanawake karibu na mnara wa Washington. Utambuzi wa picha ulitupwa, na wa gwaride ukatupwa. Lakini mama yule alipomnyooshea kidole mahakamani, ushahidi huo ulipokelewa, kwa sababu sura ya aliyempora aliibeba kichwani tangu siku ya tukio, kabla ya kosa lolote la polisi.

Na kuna jambo ambalo binamu huenda halijui: kule Marekani mtu hulalamikia haki yake mwenyewe tu. Katika Wong Sun hiyohiyo, dawa za kulevya zilizochukuliwa kwa mtu wa tatu hazikutumika dhidi ya mshtakiwa aliyekamatwa isivyo halali chumbani kwake, lakini zilitumika dhidi ya mwenzake, kwa kuwa haki iliyovunjwa haikuwa yake. Kwa kipimo hicho, mdogo wa dada asingeweza kabisa kulalamikia ukamataji wa fundi. Kwa hiyo naungana na wakili msomi kwamba neno "mtu" katika kifungu chetu cha 169 linatupa nafasi ambayo Wamarekani hawana, na inashangaza kwamba watu wanaikimbilia sheria ya mbali wakati ya nyumbani ina maneno mapana zaidi.

Kwa fundi wenu, ningeuliza hivi: alichokuja kusema alikijua kabla ya kukamatwa, au amekijua akiwa ndani? Kama alipokea simu siku fulani kwa mkono wake, hiyo ni kumbukumbu yake. Kama alilala siku tatu sakafuni ndipo "akakumbuka" kwamba aliyeileta alikuwa mdogo wako, hapo kauli yake imezaliwa na kizuizi chenyewe, na hoja ya kifungu cha 169 inapata uhai.

Jibu la 4 (askari mstaafu, Dodoma)

Wanangu, nimefanya upelelezi zaidi ya miaka 20 na sasa nimestaafu. Sina shahada ya sheria, lakini karatasi nazijua.

Mwanangu wa Shinyanga, mwambie wakili wenu aangalie kama fundi ana maelezo ya aina moja au mbili. Mtu anayewekwa ndani siku tatu huwa amewekwa kama mtuhumiwa, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba aliandikishwa maelezo ya onyo kwanza. Alipogeuzwa kuwa shahidi akaandikishwa mengine, ya kawaida. Yakiwepo yote mawili, tofauti kati yake ndiyo dhahabu yenu. Ya kwanza yanaweza kusema "simfahamu mtu huyo", na ya pili yakasema "namfahamu vizuri, huja dukani kwangu".

Angalieni pia juu na chini ya kila karatasi. Kuna saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kuna jina na cheo cha aliyeandika. Kuna sahihi au dole gumba kila ukurasa. Niliwahi kuona maelezo ya kurasa 5 yaliyoandikwa, kwa mujibu wa karatasi yenyewe, kwa dakika 20, na mwandishi ana mwandiko wa kalamu nzito unaojaza mistari. Hakimu aliyatazama kimya kwa muda mrefu, kisha akamwomba shahidi asome kwa sauti ukurasa wa kwanza huku saa ya ukutani ikihesabu. Kusoma tu kulikula dakika 4.

Halafu kuna daftari la mahabusu. Kila anayeingia na kutoka huandikwa humo saa na tarehe. Askari akiapa kwamba mdogo wako alikamatwa Jumatatu ili siku ziwe chache, na daftari linasema Alhamisi usiku, hamtahitaji maneno mengi. Na kama mlichukua PF3 (fomu ya polisi ya kupimwa na daktari) baada ya kipigo, itunzeni kama mnavyotunza hati ya kiwanja.

Nasema haya kwa moyo mzito, kwa sababu kazi hii niliipenda. Askari anayempiga mtu ili apate jina la shahidi anaiharibu kesi ya yule mwananchi aliyeporwa, ambaye naye anasubiri haki yake.

Muuliza swali

Nashukuru sana wakili msomi, mwalimu, wakili wa Mombasa, na wewe mzee wangu wa Dodoma. Leo nimezungumza na wakili wetu, amenionyesha nakala. Ni kama mzee alivyosema. Fundi ana maelezo mawili. Katika yale ya kwanza hakumtaja mdogo wangu kabisa. Alisema simu aliletewa na kijana asiyemfahamu aliyevaa kofia. Ya pili yana tarehe ya siku aliyoachiwa, na humo anamtaja kwa jina na hata jina la utani. Maelezo ya onyo ya mdogo wangu yameandikwa kwamba yalianza kuchukuliwa Jumapili saa 4:15 asubuhi, na yanasema alikamatwa Jumapili hiyohiyo saa 3:00 asubuhi.

Je, haya yanatosha kumzuia fundi asisikilizwe, au tumwache azungumze? Na pingamizi linatolewa lini?

Jibu la 5 (wakili wa kujitegemea, Mwanza)

Dada yangu, sasa mna kesi ya kupigana, na nitakujibu kwa utaratibu ambao ningeufuata mimi mwenyewe, ingawa wakili wenu aliye na jalada mkononi ndiye mwenye neno la mwisho.

Kwa maelezo ya onyo ya mdogo wako, pingamizi litolewe pale tu upande wa mashtaka utakapoomba yapokelewe kama kielelezo, kabla hayajasomwa. Zitolewe sababu zote mbili kwa pamoja: kwamba hayakutolewa kwa hiari, jambo linaloangukia kifungu cha 27 cha Sheria ya Ushahidi, na kwamba yalichukuliwa nje ya muda. Mahakama itasimamisha kesi kuu na kufanya kesi ndani ya kesi, au uchunguzi mdogo kama unavyoitwa katika mahakama za chini. Hapo ndipo mama mwenye nyumba ana kazi. Yeye aliona Alhamisi. Karatasi inasema Jumapili. Kama hati hiyo imedanganya takribani siku mbili na nusu, hakimu atakuwa na sababu ya kuitilia shaka yote, na hata hesabu ya saa 4 itabidi ianze usiku ule wa Alhamisi, ukitoa muda wa kusafiri na mengineyo ambayo sheria haiuhesabu. Mkinyamaza katika hatua hiyo na kusubiri rufaa, mtaambiwa kwamba mlikuwa na nafasi mkaiacha.

Kwa fundi, mimi nisingetumia nguvu zangu zote kumzuia. Ningeweka pingamizi la kifungu cha 169 kwa ufupi, lionekane kwenye mwenendo wa shauri, kwa hoja kwamba jina la mdogo wako liliingia katika kauli yake kutokana na kizuizi haramu cha siku tatu. Likikubaliwa, vema. Likikataliwa, na huo ndio uwezekano mkubwa kwa sababu zile nilizozieleza mwanzo, azungumze. Kisha wakili aombe maelezo ya kwanza, amwonyeshe kama kifungu cha 154 cha Sheria ya Ushahidi kinavyotaka, na amuulize kwa upole: siku ya kwanza ulisema kijana mwenye kofia usiyemfahamu, ulilala wapi kati ya siku ile na siku uliyolikumbuka jina? Katika Marwa Wangiti Mwita, iliyoripotiwa 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni alama ya kuaminika kwake, na kwamba kuchelewa au kushindwa kabisa kumtaja kunapaswa kuifanya mahakama yenye busara ijiulize. Fundi ana jambo hilo la kujibu, na ana jingine: yeye mwenyewe alikutwa na simu inayodaiwa kuporwa. Mtu wa namna hiyo ana maslahi yake ya kulinda, na ingawa kifungu cha 142 kinamruhusu mshiriki wa kosa kutoa ushahidi, hakimu mwangalifu hutafuta ushahidi mwingine wa kumuunga mkono.

Hatari moja ninayoiona, na ambayo haijatajwa hapa, ni fundi kutokuja kabisa. Upande wa mashtaka unaweza kuomba maelezo yake ya maandishi yapokelewe bila yeye kuwepo, chini ya kifungu cha 34B cha Sheria ya Ushahidi, kwa hoja kwamba hapatikani. Mkipewa taarifa ya namna hiyo, mna siku 10 za kuipinga. Zisipite. Karatasi haiulizwi maswali ya dodoso, na maelezo mtakayoletewa hayatakuwa yale ya kofia.

Kuhusu kipigo na siku sita, hiyo ni njia ya pembeni inayojitegemea: ipo Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, kwa ajili ya madai Mahakama Kuu. Msiichanganye na kesi hii ya jinai, lakini kumbukumbu zake mzianze sasa.

Wakili wenu aombe mapema wito wa mahakama wa kuletwa daftari la mahabusu la wiki ile, kwa kutaja tarehe. Asisubiri siku ya kesi.

Muuliza swali

Wakili ameandika barua ya kuomba daftari leo asubuhi na nakala imegongwa muhuri wa kupokelewa. PF3 tunayo, ina tarehe ya siku moja baada ya kufikishwa mahakamani. Mama mwenye nyumba nimemfuata jioni hii. Anaikumbuka saa kwa sababu alikuwa ametoka kuzima redio baada ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Amesema atakuja kutoa ushahidi.